Daftari la Michoro: Kutoka Shamba la Ngoro Hadi Mchoro Dhahania



Wako watu wengi ambao wakitazama mchoro usioonyesha mtu, wala mnyama, wala nyumba, husema mara moja, "Hata mtoto mdogo angeweza kuchora hivi." Wengine huuliza kwa upole zaidi, "Je, hiki ni kitu gani?" na wasipopata jibu hudhani kwamba mchoraji alikuwa anapoteza wakati na karatasi. Hata humu shuleni, sisi tunaosoma somo la Sanaa tumeulizwa swali hilo mara nyingi bwenini na katika bwalo la chakula. Basi katika makala haya nataka kulijibu kwa utaratibu. Nitaeleza mchoro wa namna hiyo hutoka wapi, na jinsi mwanafunzi awezavyo kuufikia kwa kutumia daftari lake la michoro. Ninalotaka msomaji alishike ni hili: mchoro dhahania ulio mzuri huanzia katika kutazama kwa bidii, na daftari ndilo shahidi wa kutazama huko.

MAANA YA MCHORO DHAHANIA

Tunapochora jembe kama macho yanavyoliona, tunaonyesha mpini, bapa, kutu na kivuli chake. Tunapochora mchoro dhahania, twaacha baadhi ya mambo hayo ili yale tuliyoyachagua yaonekane kwa nguvu zaidi. Pengine twabakiza mstari mmoja uliopinda, pengine umbo, pengine rangi mbili zinazoshindana. Wako wachoraji wanaoanza kwa mistari na rangi peke yake, bila kitu chochote mbele yao. Lakini njia iliyo bora kwa sisi tunaojifunza ni ile ya kuanza na kitu halisi na kukipunguza hatua kwa hatua. Njia hiyo ndiyo nitakayoieleza.

WALIOTUTANGULIA KATIKA NJIA HII

Mfano wa kwanza ni wa Piet Mondrian, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1872 na kufariki New York mwaka 1944. Watu wengi wanamjua kwa picha zake za mistari myeusi iliyonyooka na miraba ya rangi nyekundu, bluu na manjano. Akitazama picha hizo peke yake, mtu aweza kudhani kwamba kazi yake yote ilikuwa rula na brashi. Walakini kati ya mwaka 1908 na 1912 Mondrian alichora miti tena na tena. Katika mti wake mwekundu tunaona shina na matawi waziwazi. Katika mti wa kijivu wa mwaka 1911 matawi yamekuwa mapinde yanayokutana na hewa iliyo kati yake. Katika mtofaa uchanuao wa mwaka 1912, mti karibu umekwisha, imebaki mistari iliyopinda inayogawa turubai. Mtu akiziweka picha hizo tatu pamoja aweza kufuata safari yote kwa kidole.

Mfano wa pili ni wa Pablo Picasso wa Uhispania. Kuanzia Desemba 1945 hadi Januari 1946, katika mji wa Paris, alimchora fahali juu ya jiwe la kupigia chapa, akawa anabadili mchoro uleule na kuupiga chapa kila hatua, hata zikapatikana hatua 11. Sisi tunaosoma hapa Peramiho, mahali ambapo vitabu vingi vimepigwa chapa tangu zamani za misheni, twaweza kuelewa upesi faida ya jambo hilo: kila hatua ilibaki kwenye karatasi, haikupotea. Fahali wa mwisho ni mistari michache tu. Lakini angalieni jambo moja. Picasso hakuanza kwa kupunguza. Kwanza alimwongeza fahali uzito, akamfanya mnene na mwenye misuli zaidi, ndipo akaanza kumkata vipande na kumwondolea nyama. Maana yake ni kwamba huwezi kupunguza kitu usichokijua.

NA KWETU JE?

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya tu. Picasso huyo huyo, mwaka 1907, aliingia katika jumba la makumbusho la Trocadero huko Paris, akaona sura za kuchongwa za Kiafrika, nazo zikamsaidia kubadili kazi yake. Wachongaji wa Afrika walikwisha kujua zamani kwamba jicho laweza kuwa tundu, na pua yaweza kuwa mstari mmoja, na bado sura ikaogopesha au ikaheshimika.

Nchini kwetu tunao wachongaji wa Kimakonde, ambao wengi wao asili yao ni ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji. Kati ya mitindo yao iko ile iitwayo shetani, nao upo mtindo uitwao mawingu. Katika mtindo wa mawingu mpingo hupindwapindwa, hutobolewa, na kulainishwa hata mtazamaji asiweze kusema kwa hakika kama anaona mtu, moshi, au wingu lenyewe. Matundu yaliyo katika kinyago cha mawingu ni sehemu ya kazi kama ulivyo mti wenyewe. Hilo ni fundisho kubwa kwa mwanafunzi, maana aghalabu sisi huchora kitu na kusahau nafasi iliyo pembeni mwake.

Tena katika mkoa wetu huu wa Ruvuma, Wilaya ya Tunduru, ndiko alikozaliwa Edward Saidi Tingatinga. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia vipande vya mraba vya mbao za kukandamizwa na rangi za kung'aa zilizotumika kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972. Tingatinga hakuwa mchoraji dhahania, kwa sababu mnyama wake hujulikana mara moja. Lakini tazameni nyuma ya mnyama: mara nyingi hamna milima wala majani, ni rangi moja tupu. Aliacha mengi ili mnyama atawale. Kuacha ni kazi, na mchoraji hufikiri sana kabla ya kuacha.

DAFTARI LA MICHORO NI KITU GANI?

Daftari la michoro si albamu ya picha safi za kuonyesha wageni. Ni mahali pa kufanyia kazi, kama vile daftari la hesabu lilivyo na njia ya kupata jibu. Mwalimu wa hesabu akiona jibu bila njia hutia shaka, hata kama jibu ni sahihi. Kadhalika mwalimu wa Sanaa akiona mchoro dhahania usio na kurasa nyuma yake, atauliza umetoka wapi.

Kila ukurasa yafaa uwe na mambo manne: tarehe, mahali ulipochorea, mchoro wenyewe, na maneno machache. Maneno hayo yasiwe "Mchoro huu ni mzuri," kwa kuwa hayamfundishi mtu. Andika ulichoona, ulichoamua, na swali lililobaki. Kwa mfano: "Kivuli cha jioni kinafanya shimo lionekane refu. Nitajaribu kivuli bila mstari. Je, shimo litajulikana?"

Wala usichane ukurasa usioupenda. Huenda baada ya wiki mbili ukauona kuwa ndio wenye njia.

MFANO WA KAZI: MASHAMBA YA NGORO

Sasa nitatoa mfano wa kazi niliyoifanya mwenyewe muhula huu. Kwetu ni Umatengo, Wilaya ya Mbinga. Huko mashamba yako juu ya miteremko mikali, na mvua ingeweza kuuzoa udongo wote hadi mtoni. Lakini wazee wa Kimatengo, kwa vizazi vingi, wamelima kwa ngoro. Ngoro ni shimo lililozungukwa na matuta pande zote, na shamba zima ni mashimo yaliyopangwa kwa safu. Mtu akisimama mlima wa pili huona mfano wa sega la nyuki lililotandazwa mlimani.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Mvua za masika zinapokaribia mwisho, nyasi hufyekwa na kuachwa zikauke. Kisha hupangwa katika mistari inayokatana, hata ardhi ikagawanyika kuwa miraba. Kwa desturi kufyeka na kupanga nyasi ni kazi ya wanaume. Halafu wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuutupa juu ya nyasi, pande zote nne. Nyasi zikafunikwa na kuwa tuta, na katikati pakabaki shimo. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu unaofuata mahindi. Mvua ikinyesha, maji hukaa shimoni badala ya kukimbia na udongo, na nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mbolea.

Nilikwenda nyumbani likizo fupi ya muhula wa kwanza nikiwa na daftari, penseli mbili na vipande vya mkaa. Hatua zangu zilikuwa hizi:

Hatua ya kwanza, kutazama. Nilichora shamba kama lilivyo, mara nne: mara mbili kutoka mbali na mara mbili nikiwa ndani ya shimo lenyewe. Nilipima kwa hatua za miguu, nikahesabu safu, nikaandika jinsi nyasi zilivyolala.

Hatua ya pili, nuru na kivuli. Nilichora vivuli peke yake kwa mkaa, asubuhi na jioni. Asubuhi upande mmoja wa kila shimo ni mweusi, jioni upande wa pili. Shamba ni lile lile, lakini michoro ni miwili tofauti kabisa.

Hatua ya tatu, dirisha. Nilikata tundu la mraba katika kipande cha boksi, nikalitumia kutazama sehemu ndogo ndogo za michoro yangu. Sehemu zenye mbingu na miti niliziacha. Nilichagua sehemu iliyokuwa na mashimo tisa tu.

Hatua ya nne, kupunguza. Sehemu hiyo niliichora mara tatu. Mara ya kwanza nilibakiza mistari ya matuta tu, ikawa kama wavu. Mara ya pili nilibakiza mashimo tu, yakawa madoa meusi. Mara ya tatu niliyaacha matuta yawe weupe wa karatasi, na kujaza kila kitu kingine. Hapo ndipo nilipokumbuka matundu ya vinyago vya mawingu, kwa kuwa mahali pasipoguswa na mkaa ndipo palipoonekana kwanza.

Hatua ya tano, rangi. Nilitumia udongo mwekundu uliochanganywa na uji mwembamba wa muhogo ili ushike kwenye karatasi, mkaa uliosagwa, na majani mabichi yaliyopondwa. Kila rangi niliijaribu katika ukurasa wake na kuandika ilivyokauka. Rangi ya majani ilififia baada ya siku chache, kwa hiyo niliamua kutegemea udongo na mkaa.

SWALI LA BIBI

Kabla sijarudi shuleni nilimwonyesha bibi yangu ukurasa ule wa matuta meupe. Bibi hakusoma Sanaa, na mchoro huo haukuwa na mahindi, wala maharage, wala mlima. Aliutazama kwa muda, kisha akasema, "Ngoro nimezitambua. Lakini mjukuu wangu, shamba halijilimi. Aliyechimba yuko wapi?"

Maneno hayo yana mambo mawili, nami naomba msomaji ayapime yote mawili.

La kwanza ni kwamba alizitambua. Karibu kila kitu kilikuwa kimeondolewa, na bado mtu aliyelima ngoro maisha yake yote aliziona. Basi wale wasemao kwamba mchoro wa namna hii ni mchezo wa mtoto, na wafikiri juu ya jambo hilo. Mtoto anaweza kuchora miraba, lakini miraba ile ilikuwa na mteremko, na kivuli cha upande mmoja, na vipimo vilivyohesabiwa kwa miguu.

La pili ni zito zaidi. Mchoraji anapochagua cha kuacha, anaamua pia nani asionekane. Ngoro husifiwa na wataalamu kwa kuhifadhi udongo, na picha zake hupendeza sana zikipigwa kutoka mbali. Lakini kila shimo limechimbwa kwa jembe la mkono, na kwa desturi mkono huo ni wa mwanamke. Je, yafaa kuuondoa mkono huo ili mistari ipendeze?

Sam Ntiro, mchoraji aliyezaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923, akasoma na kufundisha Makerere, na baadaye akawa mwakilishi wa nchi yetu London baada ya Uhuru wa mwaka 1961, alilijibu swali la namna hii kwa njia yake. Alichora watu wengi wakifanya kazi pamoja, wadogo kati ya migomba na vilima, bila kushughulika na kila sura. Picha yake moja ya mwaka 1956, ya wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, imo katika Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York. Hakuwa mchoraji dhahania, lakini anatufundisha kwamba mtu aweza kurahisishwa bila kufutwa.

Mimi nilitaka kubaki katika njia dhahania. Kwa hiyo nilitumia kurasa tatu zaidi kutafuta namna ya kuonyesha kazi bila kuchora mtu. Niliweka rula kando. Nilipanga mistari ya mkaa kwanza, kama vile nyasi zinavyopangwa kwanza. Kisha nikachovya kijiti katika udongo mwekundu, nikavuta kutoka katikati ya kila mraba kwenda nje, pigo baada ya pigo, juu ya ile mistari, kama jembe linavyotupa udongo juu ya nyasi. Mchoro ukafuata utaratibu ule ule wa kilimo. Hakuna shimo lililofanana na jingine, kwa maana mkono huchoka na kubadilika, na mapigo yaonekana yote.

Bibi alipoonyeshwa ukurasa wa mwisho kati ya hiyo mitatu hakutoa sifa. Alianza kunieleza ni shimo lipi lingejaa maji kwanza mvua ikija. Mimi naona jibu hilo lilitosha. Ukurasa huo ndio nilioukuza juu ya karatasi ya manila kwa ajili ya maonyesho ya darasa letu.

KUJIFUNZA KWA WENGINE BILA KUNAKILI

Wenzangu wengi huuliza: "Nikisoma kazi ya mchoraji mkubwa, nitajuaje kama najifunza au naiba?" Mimi natumia kipimo hiki rahisi. Gawanya ukurasa kwa mstari katikati. Upande wa kushoto andika mchoraji amefanya nini. Upande wa kulia andika utafanya nini na kitu chako mwenyewe. Ikiwa pande zote mbili zina picha ile ile, umenakili. Kutoka kwa Mondrian nilichukua subira ya kurudia kitu kimoja. Kutoka kwa Picasso nilichukua desturi ya kuhifadhi kila hatua. Kwa wachongaji wa mawingu nilijifunza kuheshimu nafasi tupu. Lakini shamba ni la Umatengo, na udongo pia.

NENO KWA WAZAZI

Wazazi wetu mnaotulipia mahitaji ya shule mna haki ya kuuliza faida ya somo hili. Kuhusu gharama, daftari lisilo na mistari na penseli vyatosha kuanzia, na rangi twaweza kuzipata ardhini na jikoni. Kuhusu faida, anayezoea kutazama, kupima, kuandika alichokiona na kuamua lipi ni la lazima, atautumia ujuzi huo katika Jiografia, Biolojia, ufundi seremala na hata katika kutunza shamba. Mimi nimeishi kati ya ngoro tangu utotoni, lakini nilielewa kwa nini udongo hutupwa pande zote nne siku ile nilipolazimika kuuchora.

MAZOEZI

Wasomaji watakaopenda kujaribu, na wafanye hivi kabla muhula haujaisha:

1. Chagua kitu kimoja unachokiona kila siku hapa shuleni au nyumbani: kinu na mchi, paa la bati la bweni, kuni zilizopangwa, au jembe. Kichore kama kilivyo mara nne, kila mara kutoka mahali pengine.

2. Chora kivuli chake tu, bila mstari wa nje.

3. Kata dirisha la boksi, chagua sehemu ndogo iliyo bora, uichore mara tatu, kila mara ukipunguza jambo moja. Andika umepunguza nini na kwa sababu gani.

4. Mwonyeshe mtu anayekitumia kitu hicho katika kazi yake. Usimwambie ni nini. Andika maneno yake kama alivyoyasema, hata kama hayakufurahishi.

5. Fanya ukurasa mmoja zaidi wa kuyajibu maneno hayo.

Zoezi la nne ndilo lisilopaswa kurukwa. Mwalimu atakupa alama, na wenzako watakupa sifa au mzaha, lakini anayekijua kitu kwa mikono yake ndiye atakayekuambia kama umekiacha kile kilichofaa kuachwa. Daftari zikijaa, zileteni katika chumba cha Sanaa tuzitazame pamoja.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Peramiho.